Umeme ni mali ya nani? Mafundisho ya mji wa Arequipa

Mara nyingi watu wanatuuliza, nyuma ya Misa au katika mkutano wa jumuiya: «Padri, inafaa serkali iwauzie wageni mashini ya umeme ya inchi?» Wengine wanauliza kwa hasira. Wengine wanauliza kwa kututega, maana wanataka kujua kama Kanisa liko upande wao. Kujibu «ndiyo» au «hapana» mbio mbio ni hatari, kwani ndani ya swali moja mmefichwa maswali mengi.

Katika kurasa hizi tunataka kufuata njia tuliyofundishwa sote katika seminari kubwa: kwanza kutazama jambo lilivyotokea, kisha kutenga mambo yaliyochanganyika, mwisho kuona haki inadai nini. Tumechagua mji ulio mbali nasi, kwa sababu mambo ya mbali mtu anayapima kwa moyo mtulivu. Hapa kwetu kila mtu ana ndugu anayefanya kazi ya umeme, au ana deni la umeme, au anakaa gizani. Ni vigumu kuwa mwamuzi.

Hata hivyo habari hii si ngeni kabisa kwetu. Kompani iliyotaka kununua umeme wa mji huo inaitwa Tractebel, nayo asili yake ni Ubelgiji. Ilikuwa ya jamaa ya Société Générale de Belgique, nyumba ile ile iliyokuwa na nguvu katika Union Minière du Haut-Katanga. Mwaka 1988 kompani ya Wafaransa, Suez, ilishika Société Générale, na Tractebel ikaingia mikononi mwake pamoja nayo. Basi watu wa Arequipa na watu wa Katanga walibisha, kwa nyakati mbali mbali, kwenye mlango wa nyumba moja.

I. JAMBO LILIVYOTOKEA

Arequipa ni mji wa pili wa inchi ya Peru, katika Amerika ya Kusini. Umejengwa kwa mawe meupe, karibu mita 2300 juu ya bahari, chini ya mlima wa moto unaoitwa Misti, kama vile Goma ilivyo chini ya Nyiragongo. Karibu na Misti unapita mto Chili. Mto huo unafanya kazi tatu: unazungusha mashini za umeme, unanywesha mashamba ya bonde, na unawapa watu wa mji maji ya kunywa. Tuliweke jambo hilo moyoni, maana litatusaidia kufahamu hasira yao.

Umeme wa Arequipa ni wa zamani. Mwaka 1905 ilianzishwa kompani ya umeme ya mji, SEAL, na vituo vya kwanza vikajengwa mahali paitwapo Charcani, kwenye mto Chili. Baadaye kazi hiyo ikawa ya serkali. Mwaka 1992, chini ya Prezidenti Alberto Fujimori, ilitoka sheria mpya ya umeme. Sheria hiyo iligawanya kazi kwa sehemu tatu: kuzaa umeme, kuusafirisha kwa nyaya kubwa, na kuugawa nyumbani mwa watu. Kwa hiyo mwaka 1994 vituo vya Charcani na vingine vilitengwa na SEAL, vikawa vya kompani mpya ya serkali, Egasa. Mikoa ya jirani, Tacna na Moquegua, ikapata yake, Egesur.

Lengo la kugawanya lilikuwa kurahisisha kuuza. Katika Lima, mji mkuu, kompani za umeme ziliuzwa tangu mwaka 1994. Tuseme kweli yote: huko Lima wenye mali wapya walipunguza umeme uliopotea njiani na ule ulioibiwa, wakaunganisha nyumba nyingi. Lakini watu walilalamika juu ya bei. Tena feza za kuuza mali ya inchi zilipita, na watu wengi hawakuona zilikokwenda. Fujimori alianguka mwezi wa Novemba 2000, serkali yake ikiwa imejaa rushwa. Tangu hapo neno «kuuza» lilinuka masikioni mwa watu.

Mwaka 2001 Alejandro Toledo aliomba kuchaguliwa Prezidenti. Alipofika Arequipa, aliahidi kwamba hatauza kompani za umeme za huko, akatia mkono wake kwenye karatasi. Watu walimchagua. Mwaka uliofuata serkali yake ikatangaza kwamba Egasa na Egesur zitauzwa.

Tusizani kwamba serkali haikuwa na sababu yo yote. Sanduku la inchi lilikuwa na pengo. Wakubwa walisema: tukiuza, tutapata feza za kuziba pengo na za kujenga barabara na kazi nyingine katika mikoa; tena mwenye mali mpya ataleta feza za mashini mpya, ambazo serkali haina. Sababu hizo si za upumbavu. Lakini hazikuletwa kwa watu ili zizungumzwe. Watu waliambiwa tu kwamba ndivyo itakavyokuwa.

Tarehe 14 Juni 2002 mnada ulifanyika. Mnunuzi aliyefika ni mmoja tu: Tractebel. Alitoa dola milioni 167 na zaidi kidogo. Mameya wa Arequipa walikuwa wamekwisha kupeleka kesi mbele ya mahakama kusudi mauzo yasimamishwe. Kiongozi wao alikuwa meya wa mji, Juan Manuel Guillén, mtu wa filosofia aliyekuwa amefundisha katika chuo kikuu. Yeye na mameya wenzake waligoma kula. Wafanyakazi, wanafunzi, wachuuzi wa soko na akina mama walijaa barabarani. Mawe ya barabara yaling'olewa, njia zikafungwa, uwanja wa ndege ukashambuliwa. Mji wa Tacna nao ukawaka.

Tarehe 16 Juni serkali ilitangaza hali ya hatari, ikawaweka askari juu ya mji, ikakataza watu kutoka usiku. Wakubwa wengine wa Lima walisema maneno ya kuwazarau watu wa Arequipa, na maneno hayo yalikuwa kama mafuta juu ya moto. Vijana wawili walipigwa na makopo ya gesi ya machozi, wakafa. Watu wengi sana waliumizwa.

Ndipo serkali ilipokubali kuzungumza. Watu wa Kanisa walikuwa kati ya wapatanishi. Tarehe 19 Juni ilitiwa sahihi karatasi inayoitwa Tangazo la Arequipa: mauzo yanasimamishwa mpaka mahakama iamue, na serkali inaomba radhi kwa maneno yaliyowachukiza watu. Waziri wa mambo ya ndani, Fernando Rospigliosi, aliacha kazi. Mwezi uliofuata baraza la mawaziri likabadilishwa. Mauzo hayakuendelea tena, na Egasa imebaki mali ya serkali ya Peru mpaka leo.

II. MAMBO MATATU YALIYOCHANGANYIKA

Mtu akisikia habari hii, atasema upesi: «Watu wa Arequipa waliwakataa wageni.» Si kweli yote. Tractebel ilikuwa imekwisha kuingia kusini mwa Peru tangu mwaka 1997, iliponunua vituo vya umeme vya Ilo kutoka kwa kompani ya shaba, wala mji wa Arequipa haukuwaka siku ile. Basi kuna jambo jingine. Wakatekista wanaofundisha Amri za Mungu watalitambua kwa urahisi, kwani katika fujo ile amri tatu ziliguswa.

Kwanza, amri ya nane. Wazee wetu wanasema: ahadi ni deni. Mtu aliyeahidi mbele ya mji mzima, akatia mkono, akapewa kura kwa sababu ya neno lake, ana deni kwa mji ule. Je, mtawala hawezi kubadili shauri lake? Anaweza, ikiwa mambo yamebadilika kweli. Lakini mwenye deni asiyeweza kulipa anakwenda yeye mwenyewe kwa aliyemkopesha, anaeleza shida yake, anaomba. Haruki ukuta usiku. Tukiwasikiliza watu wa Arequipa, neno lililowachoma zaidi si «Ubelgiji», bali «ametudanganya».

Pili, amri ya saba. Watu walisema: «Hii ni mali yetu.» Wanasheria wa Lima walijibu: «Hapana, kwa sheria ni mali ya serkali, na serkali inaweza kuuza mali yake.» Hapa tunapashwa kutenga vizuri. Mtu mwenye mbuzi wake anaweza kumwuza asubuhi bila kumwuliza mtu. Lakini baba mkubwa anayetunza shamba la ukoo hawezi kuliuza hivyo, hata kama jina lake ndilo linalojulikana kwa chifu. Yeye ni msimamizi. Anaweza kulima, kukodisha, hata kuuza sehemu ikiwa ukoo una njaa. Lakini kwanza anakusanya ukoo. Serkali ina mali ya wote kwa namna hiyo ya pili, yaani kwa zamana. Vituo vya Charcani vilijengwa na kutunzwa kwa feza za watu waliolipa umeme na kodi miaka mingi. Hawakuwa na karatasi ya umilki, lakini walikuwa na haki ya kuulizwa.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba umeme si bidhaa kama nyingine. Mtu akiona duka moja linauza chumvi kwa bei kali, anakwenda duka la pili. Lakini nyaya zinazofika nyumbani mwake ni zile zile. Hawezi kuchagua nyingine. Hawezi kuweka umeme akibani kama mahindi. Naye anayeushika ameshika mwanga wa hospitali, baridi ya dawa, kinu cha unga, pompi ya maji. Katika Arequipa hofu ilizidi kwa sababu ya mto. Waliuliza: anayeshika mashini za mto Chili, je, hatashika na maji ya mashamba yetu? Tena mnunuzi alikuwa amekwisha kuwa na Ilo. Kama akipata na Egasa na Egesur, sehemu kubwa ya umeme wa kusini itakuwa mkononi mwa mmoja. Hofu hizo zingeweza kujibiwa kwa masharti mazuri ya mapatano. Lakini masharti yasiyozungumzwa na watu hayaondoi hofu ya watu.

Tatu, amri ya tano. Hapa tunapashwa kusema wazi pande zote mbili. Aliyetuma askari kwa watu waliodai neno waliloahidiwa, atatoa hesabu mbele ya Mungu kwa ajili ya vijana wale wawili. Lakini na aliyechoma mali ya jirani yake kwa jina la haki hakufanya haki. Mameya waliokataa kula walijitesa wao wenyewe, hawakumtesa mwingine. Ndiyo sababu neno lao lilisikiwa. Tusiwafundishe vijana wetu kwamba Arequipa ilishinda kwa mawe. Mawe yaliita askari. Kilichorudisha amani ni watu waliokaa mezani, wakaandika, wakatia sahihi.

III. MGENI NA MWENYEJI MBELE YA MAFUNDISHO YA KANISA

Inabaki swali la mgeni. Wakristu hawawezi kusema kwamba mgeni ni mbaya kwa sababu ni mgeni. Sisi wenyewe tulipokea Injili mikononi mwa wageni. Methali inasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayeleta feza, elimu na mashini, akapata faida ya haki, si mwizi. Lakini methali ile ile ina sharti ndani yake: mwenyeji apone. Kama mgeni anakuja na mwenyeji anazidi kuugua, njia imepotea.

Mapapa wamelitafakari jambo hili zamani. Papa Pio XI, katika barua yake Quadragesimo anno ya mwaka 1931, alikubali kwamba mali za namna nyingine zafaa kuwekwa mkononi mwa inchi, kwa sababu nguvu inayofuatana nazo ni kubwa mno, si salama kuiacha kwa mtu wa pekee. Papa Yoane XXIII alirudia fundisho hilo katika Mater et magistra ya mwaka 1961, lakini aliongeza mpaka: inchi isijitwalie mali zaidi ya yale yanayodaiwa na faida ya wote, na waliowekwa kusimamia mali hiyo wawe watu wenye ujuzi na uaminifu, nao wachunguzwe.

Neno hilo la mwisho linasahauliwa sana. Papa Yoane Paulo II alilifafanua katika Laborem exercens ya mwaka 1981. Alifundisha kwamba kuondoa mali kwa matajiri na kuiandika kwa jina la serkali hakutoshi kuifanya iwe mali ya watu. Inaweza kutoka mkononi mwa kundi moja na kuingia mkononi mwa kundi jingine, yaani la wasimamizi, nao wakaishika kama yao. Kwa hiyo swali «mgeni au mwenyeji?» ni swali la pili. Swali la kwanza ni hili: yule anayeshika umeme, anatoa hesabu kwa nani? Mgeni anayebanwa na mapatano ya wazi anaweza kuwa mtumishi wa watu. Mwenyeji asiyeulizwa na mtu anaweza kuwa bwana mkali kuliko mgeni.

Watu wa Arequipa waliogopa kwamba mwenye mali mpya atatoa hesabu Bruxelles na Paris, si kwao. Hofu hiyo ilikuwa ya akili. Lakini siku waliyoshinda hawakumaliza kazi. Egasa ilibaki ya serkali, na serkali iko Lima. Basi kazi ya kudai hesabu ilibaki vile vile, siku kwa siku, bila ngoma wala maandamano. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kufunga barabara.

IV. NA SISI?

Sisi katika Kongo tumepita njia zote mbili. Wakati wa ukoloni umeme ulikuwa wa kompani za Wabelgiji: katika Katanga vituo vya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke vilijengwa hasa kwa ajili ya shaba, na nyumba za watu zilihesabiwa mwisho. Mwaka 1970 serkali iliunda SNEL, na katika miaka iliyofuata kompani za zamani zikaingizwa ndani yake. Inga ya kwanza ilianza kazi mwaka 1972, ya pili mwaka 1982. Na waya mkubwa ulivutwa kutoka huko mpaka Katanga, mwendo wa kilometa 1700 hivi, tena kwa ajili ya shaba. Waya ulipita juu ya vijiji vingi, na vijiji vikabaki gizani. Mwenye mali alikuwa amebadilika. Mtu wa chini ya waya hakuwa ameulizwa, wala mara ya kwanza, wala mara ya pili.

Mwaka 2014 sheria mpya ilifungua mlango kwa kompani nyingine kuzaa, kusafirisha na kuuza umeme katika inchi yetu. Kwa hiyo maneno ya Arequipa yanaweza kufika kwenye mlango wa kila parokia. Padri na katekista si watu wa kuchagua kompani, wala hawapashwi kusimama juu ya meza na kupiga kelele ya politike. Lakini wanaweza kuwasaidia watu kuuliza vizuri, maana anayejua kuuliza hahitaji jiwe. Tunapendekeza maswali matano:

1. Mali hii ni ya nani sasa, na nani aligaramia kuijenga?

2. Bei ya umeme itapangwa na nani, na maskini atalindwa namna gani?

3. Anayenunua amejifunga kufanya nini, katika miaka mingapi, na asipofanya atapata azabu gani?

4. Feza za mauzo zitaingia sanduku gani, na hesabu yake itasomwa wapi, kwa luga gani?

5. Watu wa mahali pale, na hasa wenye mto na wenye mashamba, waliulizwa mbele ya kutia sahihi, au waliambiwa nyuma yake?

Maswali hayo yafaa kwa mgeni na kwa mwenyeji, kwa kompani ya Ubelgiji na kwa shirika la taifa. Fratri mmoja anaweza kuyaeleza kwa jioni moja katika jumuiya, bila kumtukana mtu. Wakubwa wakiyajibu kwa ukweli, watu wanaweza hata kukubali kuuza. Wakikataa kuyajibu, watu watajua sababu ya kukataa kwao, nao wataweza kuitaja kwa sauti ya chini mbele ya hakimu na mbele ya askofu.

Katika Arequipa maswali hayo yalijibiwa nusu, tena yalijibiwa nyuma ya mazishi. Tangazo la tarehe 19 Juni lingaliweza kuandikwa tarehe 13, maneno yale yale, karatasi ile ile. Siku sita tu zilipita katikati, na katika siku hizo vijana wawili walipigwa, wakafa. Ndiyo sababu tunasema kuuliza mapema ni kazi ya mapendo, wala si kazi ya wenye fujo.